Sinema Zetu Tuzitengeneze kwa Mikono Yetu

Wako watu miongoni mwetu wasemao kwamba sinema si kazi ya maskini. Wasema yataka kamera ya mamilioni, taa kubwa, magari na mtaalamu aliyesomea Ulaya. Na kwa kuwa hayo hatuna, basi tukae tutazame za wenzetu mpaka atokee mfadhili. Maneno haya tumeyasikia katika mikutano ya vijana, mijini na vijijini, na hata vinywani mwa viongozi ambao iliwapasa kujua zaidi. Sisi twasema si kweli. Tena twasema yanatudhuru.

Tuanze na historia. Mwaka 1935 Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walipiga kambi Vugiri katika milima ya Usambara, wakaanza kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Fedha nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Mpaka mwaka 1937 walikuwa wametoa picha 35: juu ya safura, juu ya utabibu wa mifugo, juu ya mashamba ya Kingolwira karibu na Morogoro. Lori lilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Northern Rhodesia, na watu wakakusanyika usiku kutazama.

Sasa tuangalie jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kazi ile ilifanywa kwa mashine za bei nafuu. Walitumia filamu nyembamba ya milimita 16, wakaacha ile ya milimita 35 ya majumba makubwa ya sinema, kwa sababu nyembamba ilikuwa rahisi. Mkoloni mwenyewe basi hakungoja mashine kubwa. Alijua anataka kusema nini na kwa nani, akachukua kilichokuwapo akafanya kazi. Walioonekana katika picha walikuwa Waafrika, lakini shauri la nini kisemwe halikuwa lao.

Mwaka 1939 ikaundwa Colonial Film Unit. Mabwana wake walishikilia kwamba Mwafrika wa shamba hawezi kufuata picha iendayo kasi, kwa hiyo apewe picha za polepole kama mtoto anayelishwa uji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikatoka sinema iitwayo Muhogo Mchungu, na aliyeigiza humo alikuwa kijana Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Watu walifurahi kuona sura yao na kusikia lugha yao. Lakini serikali iliyosimamia kazi hiyo ilikuwa ya kikoloni, na mwenye kusimamia ndiye asemaye lipi liingie na lipi litoke.

Leo hakuna gavana wa kutuzuia. Kinachotuzuia ni ile dhana kwamba hatuwezi. Basi na twende tukatazame kwa jirani.

Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, yuko bwana mmoja aitwaye Isaac Nabwana. Zamani alikuwa akifyatua matofali. Hakusomea sinema katika chuo chochote. Alijifundisha mwenyewe, akajifunza kidogo kutengeneza kompyuta, akaunganisha ya kwake kwa vipande vilivyotumika. Mwaka 2005 alianzisha kampuni ya Ramon nyumbani kwake, jina alilolitoa katika majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Bunduki za kuigizia zilitengenezwa kwa vyuma chakavu na mbao. Helikopta ilichomelewa uani kwa vyuma vilivyotupwa. Damu ilikuwa rangi nyekundu ya chakula iliyotiwa katika mpira mwembamba, na uzi wa kuvulia samaki ukavutwa ili mpira upasuke mbele ya kamera. Picha za mahali pasipofikika zilipigwa mbele ya kitambaa cha kijani, kisha kompyuta ikaweka mahali papya nyuma ya mwigizaji.

Kwa namna hiyo ikatoka Who Killed Captain Alex?, na mwaka 2010 sehemu yake ikaonyeshwa katika mtandao. Gharama yake yatajwa kuwa haikufika dola 200 za Kimarekani. Imetazamwa na mamilioni ya watu duniani. Na picha hiyo yakimbia kasi kweli kweli, mbio na risasi toka mwanzo hadi mwisho! Laiti mabwana wa mwaka 1939 wangaliiona. Mwaka 2015 Wakaliga waliomba watu wa dunia wawachangie dola 160 kwa sinema nyingine. Wakapata zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2022 walialikwa katika maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, mjini Kassel, Ujerumani. Hawakungoja kualikwa ndipo waanze. Walifanya kazi kwanza, mwaliko ukafuata.

Wala si Afrika peke yake. Robert Rodriguez, kijana wa Texas, alitoa El Mariachi mwaka 1992 kwa dola 7,000 hivi. Hakuwa na kigari cha kusukumia kamera, akatumia kiti cha magurudumu cha wagonjwa. Huko India, Subrata Mitra, mpiga picha wa Satyajit Ray, alitaka mwanga mpole wa uani katika sinema ya Aparajito ya mwaka 1956. Alitanda kitambaa cheupe, akaelekeza taa katika kitambaa badala ya nyuso za watu, na mwanga ukarudi laini kama wa mchana. Mafundi wa dunia nzima wanatumia njia hiyo mpaka leo. Kitambaa cheupe, ndugu zetu! Nani kati yetu hana shuka?

Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa maboksi, udongo na vizibo vya soda. Hatukuambiwa tungoje vifaa kutoka Ulaya ndipo watoto wajifunze kuhesabu. Kwa nini basi sinema iwe na sheria nyingine? Simu ya mkononi iliyo mfukoni mwa kijana wa leo hupiga picha safi. Fundi seremala atatengeneza stendi ya miguu mitatu kwa mbao. Mfuko wa mchanga ukining'inizwa katikati, haitayumba kwa upepo. Toroli ya sokoni yenye magurudumu yaliyojazwa upepo vizuri yatosha kusukumia kamera. Boksi lililobandikwa karatasi ya kung'aa litarudisha jua usoni mwa mwigizaji aliyesimama kivulini.

Lakini yako mambo mawili ambayo twawaonya vijana. La kwanza ni sauti. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo, lakini maneno yasiposikika ataondoka. Simu ya pili na iwekwe mfukoni mwa mwigizaji, karibu na kinywa chake, irekodi sauti peke yake. Kabla ya kuanza, mtu mmoja apige kofi mbele ya kamera. Kofi linaloonekana na kofi linalosikika ndiyo alama ya kuunganishia picha na sauti baadaye. Jambo la pili ni kuhifadhi. Kazi yote iwe na nakala mbili, katika sehemu mbili. Wakaliga walilipia somo hili: kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo, na nakala ya awali ya Captain Alex ikafutwa ili kupisha kazi nyingine. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya mchekeshaji juu yake.

Wengine watasema kwamba sinema za bei nafuu zinatuaibisha mbele ya wageni. Twakubali kwamba ziko sinema za aibu. Lakini tuzichunguze: je, zinaaibisha kwa sababu ya kamera? La hasha! Zinaaibisha kwa sababu mwigizaji hakujifunza maneno yake, kwa sababu hadithi imenakiliwa kutoka ng'ambo, kwa sababu kazi ya miezi imefanywa kwa siku nne. Umaskini wa vifaa si kosa, uvivu ndio kosa. Kijana asijifiche nyuma ya neno "bajeti" kuhalalisha kazi ya ovyo. Mazoezi hayana bei.

Na kwa nini tunalishikilia jambo hili kwa nguvu? Kwa sababu muda hautungoji. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 usiku ule wa tarehe 9 Desemba, 1961, bendera ilipopandishwa, leo amekwisha pita 80. Waliobeba mifuko ya sementi kujenga shule kwa kujitolea, waliotunga ngoma za uhuru, waliokata mkonge Tanga, wanazikwa kila wiki, na kumbukumbu zao zinazikwa pamoja nao. Wakati huo huo watoto wetu wamekaa katika kibanda umiza wakijifunza vita vya watu wengine, mashujaa wa watu wengine na mapenzi ya watu wengine. Simu moja, shuka moja jeupe na saa mbili za mazungumzo na mzee wa mtaa zinaweza kuokoa kitu ambacho hakuna mfadhili atakayeweza kutununulia baadaye.

Kwa hiyo twasema hivi. Vijana, jiungeni watu watano au sita, mchange, na kila mmoja ashike kazi yake: wa hadithi, wa kamera, wa sauti, wa kuunganisha picha. Wazee, wapeni visa, msiwafukuze. Walimu na viongozi wa matawi, fungueni kumbi zenu jioni moja kwa wiki, mtundike shuka ukutani, watu watazame kazi ya watoto wao. Watumishi wa serikali, kijana aliyesimamisha simu juu ya miti mitatu sokoni si jasusi wala si tajiri; msimfukuze, na msimtoze ada iliyopangiwa kampuni kubwa. Nasi wanunuzi tununue nakala halali. Waigizaji wa Wakaliga walibeba sahani za DVD nyumba kwa nyumba wakauza wenyewe, na mauzo yakawa sehemu ya malipo yao. Anunuaye nakala ya wizi humnyang'anya mwenzake jasho.

Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na mtegemea kamera ya mgeni atasimuliwa na mgeni. Kazi ianze na kilicho mkononi, tena ianze wiki hii, wakati wazee wetu bado wako nasi.