Haki Isiyosomeka Masanze

Mwanazuoni wa sheria za haki za binadamu katika Afrika Mashariki ana msimu wake kama alivyo nao mkulima. Huletewa wito wa makala kutoka Pretoria, Kampala, Geneva au Oslo. Huandika ikisiri ya maneno mia tatu, akasubiri jawabu, akatafuta mfadhili wa nauli, kisha akapanda jukwaani kwa dakika kumi na tano. Mada yake ikipendeza huchapishwa jaridani, na jarida humpandisha cheo. Safari hiyo haina ubaya wowote. Ubaya uko katika suala moja ambalo aghalabu haliulizwi ukumbini: yule anayezungumzwa katika makala, ambaye shamba lake, maji yake na maiti wake ndio mada yenyewe, ataisoma lini?

Masanze ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, upande wa Mikumi. Ni kata ya wakulima, katika wilaya ambayo mkulima na mfugaji wamekuwa wakigombania mashamba, malisho na maji kwa miongo mingi. Tarehe 8 Disemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya hiyo hiyo, wakulima 38 waliuawa katika ugomvi huo. Mwaka 2009 serikali ikaendesha operesheni ya kuwaondosha wafugaji Kilosa pamoja na ng'ombe wao. Wakulima walizika, wafugaji wakahama. Pande zote mbili ziliumia, na pande zote mbili zina haki zilizoandikwa katika Katiba na katika sheria.

Mwaka huo huo wa 2009, wanazuoni watatu, Tor A. Benjaminsen wa Norway na Watanzania Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, walichapisha utafiti juu ya mauaji ya Kilosa katika jarida la Development and Change, lenye makao yake ya kitaaluma The Hague, Uholanzi. Ni kazi ya heshima. Waandishi hawakuridhika na maelezo mepesi kwamba ardhi imekwisha na watu wamezidi. Walikwenda hadi kwenye sera zinazomtazama mfugaji kwa jicho la dharau, na kwenye rushwa inayowafanya mkulima na mfugaji wasiwaamini tena wakubwa waliopewa dhamana ya kuamua baina yao.

Hiyo ni habari ambayo mtu wa Kilosa anaihitaji kuliko msomaji yeyote wa The Hague. Yeye ndiye atakayesimama kesho mbele ya baraza la ardhi la kata. Yeye ndiye atakayeambiwa na ofisa kwamba ugomvi wao ni wa kabila na kabila, kwamba ni tabia yao tu. Lau angekuwa na utafiti ule mkononi, kwa lugha anayoisoma, angelikuwa na jawabu. Masimulizi yalitoka katika nchi inayosema Kiswahili. Yakachapishwa kwa Kiingereza, katika jarida ambalo maktaba hulilipia. Lawama si ya watatu hao. Wao wamefanya kazi kama desturi ya taaluma yao inavyodai. Linalostahili kulaumiwa ni hiyo desturi.

Na kama mfano mmoja hautoshi, upo wa pili, wenye uzito zaidi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha tangu mwaka 2007. Mwezi wa Machi 2010, Tanzania iliweka tamko chini ya kifungu cha 34(6) cha Itifaki ya Mahakama hiyo, likimruhusu mwananchi wa kawaida, akishamaliza njia za ndani ya nchi, aende mwenyewe Arusha kuishitaki serikali yake. Hukumu ya kwanza ya Mahakama hiyo kuingia katika kiini cha shauri, tarehe 14 Juni 2013, ilikuwa ya Watanzania: shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, pamoja na lile la Chama cha Wanasheria wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, juu ya haki ya kugombea uongozi bila ya kupitia chama cha siasa. Walioshitaki walishinda. Kisha, Novemba 2019, Tanzania ikaliondoa tamko lake, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 mlango ukafungwa kwa mashauri mapya ya aina hiyo.

Mlango ulikaa wazi kwa zaidi ya miaka kumi. Kufungwa kwake kumeandikiwa makala mengi ya kitaaluma, na kumepata jukwaa katika makongamano yenye kahawa na mikoba ya wajumbe. Lakini haki ambayo mwenyewe hakuambiwa kuwa anayo, siku ikiondolewa haimlizi. Kimya cha vijijini mwaka 2019 kilikuwa pia matunda ya kimya cha wanazuoni katika miaka tisa iliyotangulia. Waliandikiana wao kwa wao. Serikali ilipouvuta mlango, hapakuwa na umma uliojua kwamba kuna mlango.

Wanaoitetea desturi hii wana hoja zao, na haifai kuzipita kwa kejeli.

Hoja ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za sheria. Hoja hii ikisemwa Unguja au Mombasa ni kichekesho. Hukumu, rufaa, dhamana, shahidi, kiapo, mirathi, wakfu, fidia, wakili, mdai na mdaiwa: maneno haya hayakusubiri semina yoyote ya istilahi. Yalikuwa yakifanya kazi barazani kwa makadhi na katika hati za mauziano ya pwani kabla chuo kikuu cha kwanza hakijafunguliwa katika kanda hii. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 zimeandikwa kwa Kiswahili, pamoja na sura zake za haki. Lugha iliyoweza kuibeba Katiba itashindwa vipi kuibeba makala ya kurasa ishirini inayoifafanua?

Wala fasihi haikungoja. Shaaban Robert alikitoa Kusadikika mwaka 1951, na kiini cha kitabu hicho ni shauri: Karama anashitakiwa kwa sababu ya kutaka kuwafundisha watu uanasheria. Msomaji wa mashairi hahitaji kuelezwa kwa nini watawala wa nchi ile waliliona jambo hilo kuwa hatari. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kwa waraka aliouandika mwaka 1968, na mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Hakuna kongamano lililoyaita mashairi hayo makala ya haki za binadamu, ilhali yamefika masikioni mwa watu wengi kuliko majarida mengi yenye jina hilo. Washairi wamelijua siku zote jambo ambalo wanasheria wamelisahau, kwamba kumtetea mtu kwa lugha asiyoielewa ni kumsema tu, kama anavyosemwa mgonjwa na matabibu walioizunguka kitanda chake.

Hoja ya pili ni ya mkate, na ni nzito zaidi. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa majarida yanayotambulika kimataifa. Akiandika kijitabu cha Kiswahili kikasomwa na vijiji hamsini, hesabu yake ofisini ni ndogo. Akiandika makala ya Kiingereza ikasomwa na wahakiki wawili na mhariri, hesabu yake ni kamili. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Katika ulimwengu huu wa wasomi, mcheza kwao huulizwa kwa nini hakwenda kucheza kwa watu. Na katika pengo hilo wamejipenyeza wachuuzi: majarida ya uwongo yanayopokea lolote mradi ada imelipwa, na makongamano ambayo mgeni rasmi hasa ni risiti. Mhadhiri kijana anatoa mshahara wake kununua ukurasa ambao hakuna atakayeufungua. Anadhulumiwa yeye, na anadhulumiwa yule aliyempa habari.

Ni kweli kwamba mhadhiri hawezi kuambiwa afe njaa kwa ajili ya Masanze. Lakini kanuni za kupandishwa cheo hazikushuka kutoka mbinguni. Zimewekwa na mabaraza ya vyuo, na mabaraza hayo yanaweza kuzibadili. Mahakama imekwisha onyesha njia. Kwa miaka mingi Mahakama Kuu ya Tanzania ilisikiliza kwa Kiswahili na kuandika hukumu kwa Kiingereza, na mtu akatoka na karatasi asiyojua inamfunga au inamfungua. Jaji Zephrine Galeba alipoandika hukumu kwa Kiswahili katika shauri lililouhusu mgodi wa North Mara, alisifiwa hadharani na Rais John Magufuli na kuteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, Februari 2021. Mwaka huo huo Bunge likabadili sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibakia pale ambapo haki inakidai. Ikiwa jaji anaweza kuandika kwa Kiswahili akapanda, kwa nini mhadhiri aliyemfundisha sheria aandike kwa Kiswahili na abakie pale pale?

Hoja ya tatu ni kwamba dunia nayo inapaswa kusikia. Naam, inapaswa. Hakuna anayetaka Kiingereza kifukuzwe. Mauaji ya Rudewa Mbuyuni yakisomwa Oslo ni vyema. Yakisomwa Oslo pekee ni aibu. Umoja wa Afrika wenyewe ulikubali mwezi wa Februari 2022 kwamba Kiswahili ni lugha ya kazi katika vikao vyake, na UNESCO ikaitengea lugha hii siku yake, tarehe 7 Julai. Itakuwa ajabu Kiswahili kikiingia Addis Ababa na Paris kwa taadhima, kisha kizuiliwe mlangoni katika ukumbi wa Arusha ambamo wajumbe wengi wamenyonya lugha hiyo pamoja na maziwa ya mama zao.

Yanayodaiwa si makubwa. Kila makala ya sheria iliyojengwa juu ya masaibu ya kijiji cha Tanzania iwe na nakala yake ya Kiswahili fasaha, si muhtasari wa mistari sita, na nakala hiyo ipelekwe kijijini na isomwe mkutanoni, ili waliohojiwa waikubali au waikatae. Vyuo viihesabu nakala hiyo katika kupandisha cheo kama vinavyoihesabu ya Kiingereza. Mfadhili anayelipa nauli ya kwenda Geneva alipe pia nauli ya kwenda Kilosa, ambayo ni ndogo mno kiasi cha kumwondolea kila mtu udhuru. Na majarida ya lugha na fasihi, ya bara na ya visiwani, yawafungulie wanasheria kurasa zao, kwa sharti moja: waandike Kiswahili cha watu, si tafsiri ya Kiingereza iliyovishwa kanzu.

Hapa visiwa vina dhima ya pekee. Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu katika miaka ya mwisho ya 1920. Mkulima wa Masanze anaposhitaki, anaposhitakiwa na anapoomboleza kwa lugha ya taifa, anatumia mali iliyotoka kisiwani humu. Waliompa lugha hawawezi kunyamaza anapoambiwa kwamba lugha hiyo yafaa kwa kutoa ushahidi wake tu, na kwamba akitaka kujua ushahidi huo umesemaje akajifunze nyingine.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, imekipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, na imempa mwanakijiji njia ya kudai. Mamlaka hayo hutumiwa na wale wanaoyajua. Kila mwaka unaopita bila ya elimu hiyo kumfikia mkulima na mfugaji kwa lugha yao, panga na mkuki hubakia kuwa wakili wa karibu zaidi. Watu 38 walikwisha kuzikwa Rudewa Mbuyuni. Mwanazuoni anayewataja katika ikisiri yake ana deni kwao, na deni hilo halilipwi kwa dakika kumi na tano za jukwaani.