Chombo cha Mtoto na Kifunguke

Katika mwaka wa 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo ya chuma iliyoelea katika kidimbwi. Haikuwa na mtu ndani, wala haikuvutwa kwa kamba. Naye, akisimama kando, aliiongoza kwa mawimbi ya redio, ikageuka upande huu na huu na kuwasha taa zake. Miongoni mwa watazamaji walikuwako waliodhani ya kuwa ni uchawi. Si ajabu, maana mashua ilikuwa imefunikwa, na asiyeona kilichomo ndani hudhani lo lote.

Siku hizi vyombo vya namna hiyo huuzwa madukani kuwa vitu vya kuchezea watoto, vyenye betri, mota na rimoti ya mkononi. Mzazi wa Ipyana aendapo Mbeya mjini na fedha mfukoni huvutwa na kile chekundu kiendacho mbio kupita vyote. Afadhali akiache. Chombo cha mbio ni chembamba, hupinduka upesi, na mara nyingi kimegandishwa kwa gundi pande zote, hata kikiingia maji mtoto hana njia ya kukifungua. Kifaacho ni chombo kipana, cha polepole, chenye kifuniko kinachofungwa kwa parafujo. Na kipitacho hicho ni kile alichokiunda mtoto mwenyewe pamoja na baba au mjomba wake.

Watoto wa kando ya Ziwa Nyasa si wageni wa kazi hiyo, kwa kuwa huona mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja. Mwili wa chombo waweza kuwa wa mti mwepesi, au hata wa kandambili kuukuu. Mota hupatikana katika redio ya kaseti iliyoharibika. Rimoti, pamoja na sehemu yake ipokeayo mawimbi, katika gari la kuchezea lililovunjika magurudumu. Betri ni nzito, basi ikae chini kabisa, katikati. Ufito wa chuma unaozungusha rafadha, yaani kile chenye mabawa kisukumacho maji nyuma, upite katika mrija uliojazwa grisi, ili maji yasipenye. Antena na isimame juu, kwani mawimbi ya redio hayapiti vizuri majini.

Wako wasemao ya kuwa mtoto ataharibu. Na aharibu! Mzazi akishika bisibisi tangu mwanzo hata mwisho, na mtoto akashika taa tu, chombo hicho ni cha mzazi. Meli ya kwanza ya moshi katika ziwa hilo, Ilala, iliundwa Uingereza, ikaletwa mwaka wa 1875. Ilipofika penye maporomoko ya mto Shire ilifumuliwa vipande vipande, wapagazi kwa mamia wakavichukua, ikaungwa tena juu ya maporomoko, na mwezi wa Oktoba ikaingia ziwani. Kama isingalifumulika, ingalibaki chini. Hata meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, zilizokamilika mwaka wa 2017, hazikuletwa nzima. Ziliundwa papo hapo Itungi.

Lakini liko jambo lisilofaa kufanyiwa mzaha, nalo ni chombo kuzimika mbali. Mito ya Kyela ina mamba, na maji yaliyotuama huweza kuwa na kichocho. Kwa hiyo chombo kijaribiwe kwanza katika karai. Kikipelekwa penye maji mapana, kifungwe mshipi wa kuvulia kwenye kijiti kilichosimama juu yake, mbali na rafadha, na mwisho wa mshipi uwe mkononi mwa mtu mzima. Mshipi ukikatika, chombo kiachwe kiende zake, upepo ukirudishe au usikirudishe. Mtoto asikifuate majini hata hatua moja.