VIJANA WANAOMBA KWA SABABU TUMEWAFUNDISHA KUOMBA



Siku hizi kila mzazi hapa kijijini analalamika. Asubuhi kijana anaomba nauli, jioni anaomba vocha. Tunasema vijana wa sasa wavivu. Lakini sisi tunauliza: nani kawafundisha kuomba?

Tutazame msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba watoto wetu wako chini ya mikorosho. Wanaokota, wanatoa mabibo, wanaanika, wanachambua. Gunia linafika ghalani kwa jina la baba, na fedha zinatoka kwa jina la baba. Mtoto haambiwi zilikuwa kilo ngapi. Akitaka viatu, aombe. Akinyimwa, anajaza korosho kwenye kisado usiku, anapeleka kwa wanunuzi wa kangomba. Hapo tunamwita mwizi. Wizi ni wizi, hatuutetei. Ila tujiulize jasho lake tuliliweka wapi. Wengine wanakimbilia kuchoma mkaa katika misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, na wakikamatwa ni sisi tunaohangaika.

Sisi tunaoandika hapa tulijifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima. Kabla ya hapo tulisimama mbele ya karani tukisema, "Naomba changu." Siku tuliyoweza kusoma stakabadhi yetu wenyewe, tuliacha kuomba, tukaanza kudai. Kumbe aliyefichwa hesabu hana njia ila kuomba. Kijana naye ni hivyo hivyo.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakusema wanafunzi walime tu. Alitaka washiriki pia kuamua mazao ya shamba lao yatumikeje. Wengi wetu tulishika jembe, hesabu tukaiacha. Jembe bila hesabu ni adhabu.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Kila kaya imkabidhi kijana wake mikorosho 5, au tetea 2. Viwe vyake, na daftari liwe lake.

2. Mzazi asiingize mkono. Faida yake, hasara yake. Akiuza, asikopwe na baba yake.

3. Chakula, matibabu na mahitaji ya shule yabaki kuwa wajibu wa mzazi. Mtu asijifiche nyuma ya mikorosho 5.

4. Wenye umri waunde kikundi. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha vijana bila riba. Anayetunza daftari ana cha kuonyesha.

5. Anayetaka ufundi, Kibaha si mbali. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 likiunganisha shule, afya na kilimo, na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kipo pale.

Kuna mzee katuambia: "Nikimpa mtoto miti, kesho atanidharau." Mzee wetu, tunakuheshimu, lakini anayekutegemea kwa sabuni hakuheshimu, anakusubiri. Mwenye chake ndiye atakayekuletea sukari bila kuombwa.

Na ninyi vijana, mkipewa msiuze maua kabla ya korosho.

Jambo hili tutalileta mkutano wa kijiji. Anayepinga aje aseme mbele ya watoto wake.

Uhuru ni kazi, na kazi ni hesabu.

Katibu wa Tawi