Tatizo ni picha yenyewe

Habari ya rangi na maandishi ya kadi umeieleza vizuri, ila umeruka kinachoharibu kadi nyingi za familia: picha. Iliyopitia WhatsApp huwa imeshabanwa. Kwenye simu inang'aa, ikichapwa nyuso zinatoka na ukungu. Aliyepiga aitume kama dokyumenti. Acha milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa, na bibi asikae ukingoni kabisa, maana kisu cha mchapaji hakina heshima. Nyekundu kali ya kwenye simu hupoa ikifika karatasini, kwa hiyo omba nakala moja ya majaribio. Na mkigombania nani akae katikati, msijali: hata kadi ya Krismasi ya Henry Cole, London 1843, inayohesabiwa ya kwanza kuuzwa, ilizua lawama kwa kuonyesha mtoto akinyweshwa mvinyo!