Pengo la bajeti: Kwa nini deni hulipwa kwanza, daktari baadaye

Juni 26, 2024, Rais William Ruto alikataa kutia saini Mswada wa Fedha baada ya maandamano ya Gen Z. Ushuru mpya ulikufa, lakini pengo la Sh346 bilioni likabaki. Serikali ikaamua kupunguza matumizi na kukopa zaidi.

Nani huumia pesa zikipungua?

Si wakopeshaji. Kikatiba, deni la umma hulipwa moja kwa moja kutoka hazina kuu. Kinachosalia ndicho hung'ang'aniwa na hospitali, shule na kaunti.

Madaktari wanagenzi walishayaona hayo mapema. Mkataba wa 2017 uliwapa takriban Sh206,000 kwa mwezi. Serikali ikasema haina pesa, itawalipa Sh70,000. Mgomo wa siku 56 uliisha Mei 2024 bila suala hilo kutatuliwa, na wagonjwa wasiomudu hospitali za kibinafsi ndio walioteseka.

Desemba, serikali ilikubali kulipa kulingana na mkataba.

Hapo ndipo tofauti ilipo: anayeidai serikali mkopo hulipwa bila kupiga kelele. Anayeidai mshahara lazima agome.