Sote Tunataka Maghorofa

Mwaka jana mwalimu alituuliza kila mmoja anataka kubobea katika tawi gani la uhandisi wa ujenzi. Miundo, yaani nguzo, boriti na maghorofa, ikapata mikono mingi. Barabara zikapata michache. Maji na maji taka yakapata mkono mmoja, na mwenye mkono huo akachekwa. Udongo haukupata hata mmoja. Nakiri kwamba mimi nilinyoosha wangu pamoja na wengi, na nilicheka pia. Leo nasema kicheko kile kilikuwa cha kijinga.

Ninaishi Kabeza, karibu na uwanja wa ndege wa Kanombe. Masika mvua ikipiga mabati kwa nusu saa tu, njia iliyo chini ya kwetu inageuka mto. Nyumba zimeongezeka, na mabati na saruji havinywi maji kama yalivyokuwa yakinywa mashamba, lakini mtaro ni ule ule. Masika iliyopita ukuta wa jirani uliozuia udongo wa kilima ulianguka usiku. Asubuhi nilikwenda kuutazama. Nondo zilikuwepo, na zege halikuwa baya. Kilichokosekana ni matundu ya kutolea maji, vipande vichache tu vya bomba! Maji yalijikusanya nyuma ya ukuta yakausukuma mpaka ukalalia jiko la mama mmoja. Bahati yake hakuwemo jikoni.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi yetu. Huko Rubavu mto Sebeya ulivunja kingo. Hapo hakukuwa na mnara uliokosewa hesabu.

Wenzangu hunijibu kwamba pesa ziko kwenye maghorofa, na kwamba hakuna mzazi atakayepiga picha mbele ya kalvati. Kweli. Lakini Kigali Convention Centre iko moja, na sisi darasani tu wengi. Wengi wetu tutaajiriwa kusimamia nyumba za kawaida kwenye miteremko, na huko swali la kwanza ni udongo huu ukilowa utafanya nini.

Walimu wetu, mtuwie radhi, nanyi mmechangia. Ziara zetu zote za mafunzo zimekuwa kwenye majengo marefu. Tupelekeni Nyabugogo siku ya mvua kubwa, tusimame tukiyaona maji yanavyoshuka kutoka milima yote.

Mimi nimehamia maji. Mradi wangu wa mwisho ni mtaro wa Kabeza: nitapima upana, kina na mteremko wake, kisha nihesabu paa zote zinazoumwagia maji. Ninahitaji mwenzangu wa upande wa udongo tufanye pamoja. Nimeuliza darasa zima, na bado sijampata.