Ndege wa Mida si wa Wenye Magari Pekee

Kuwatazama ndege wa hori ya Mida, Kilifi, hakuhitaji gari la kitalii. Matatu za Mombasa na Malindi hupita barabara kuu kutwa. Ukishukia Mida, kilichobaki ni mwendo wa miguu hadi daraja la mbao lililotundikwa kati ya mikoko. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, maji yanapojaa, ndege hulazimika kuyaacha matope na kusogea karibu: vitwitwi waliotoka Siberia, na wale weupe kwa weusi walao kaa, ambao huzaliana pwani za Uarabuni. Ni fahari kuwa nao. Tena kiingilio cha daraja husaidia kulipa karo za wanafunzi wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke.

Tunaitaka serikali ya kaunti iweke barabarani kibao kikubwa chenye saa za kupwa na kujaa, maana anayefika maji yamekupwa huambulia vidoa vya mbali tu. Na walimu wa Malindi na Gede wasingoje basi la kukodi. Nauli ya matatu yatosha.